Habari ya Kamba, na Namna ya Kuitunza

Hapana nyumba katika nchi zetu isiyo na kamba. Ndoo huteremka kisimani kwayo, mbuzi hufungwa kwayo malishoni, mzigo wa kuni hukazwa kwayo, makuti hushikizwa kwenye fito kwayo, na kengele ya shule haipigwi bila hiyo. Lakini ukiingia katika nyumba kumi na kuuliza kamba iko wapi, katika tisa utaona watu wakitazamana. Mmoja atasema iko uani, mwingine atasema watoto walikuwa wakiirukia jana jioni, na mwisho itaonekana chini ya uchaga, imelowa na kujaa mchanga. Jembe lina mahali pake, panga lina mahali pake, hata ufagio una pembe yake. Kamba peke yake ni mgeni katika kila nyumba. Jembe likivunjika mpini, mtu hupoteza asubuhi moja. Kamba ikikatika mtu akiwa amening'inia juu yake, hasara yake haipimiki kwa asubuhi.

Basi mwezi huu twapenda kuzungumza na wenye nyumba, na walimu pia, maana jambo hili lafaa sana kufundishwa shuleni, katika somo la kazi za mikono. Tutasema habari za kamba za asili ya mimea, hasa mbili tuzijuazo sote: kamba ya makumbi na kamba ya mkonge.

Kamba ya makumbi ni ya kale katika pwani yetu. Kumbi ni lile ganda la nje la nazi, lenye nyuzinyuzi. Watu wa Unguja, hasa akina mama wa vijiji vya mashariki kama Jambiani na Paje, huyafukia makumbi katika mchanga wa pwani, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, nao huyafunika kwa mawe yasichukuliwe na mawimbi. Hukaa humo miezi kadha wa kadha. Nyama ile laini inayoshikanisha nyuzi huoza, nazo nyuzi zenyewe haziozi. Kisha huyafukua, wakayaponda kwa magongo, wakayaosha na kuyaanika juani. Ndipo hupatikana usumba safi, wa kusokotwa kwa viganja vya mikono. Ni kazi ngumu, yenye harufu kali na maji ya chumvi hata magotini, na bei yake ni ndogo kuliko jasho lake. Ajuaye hayo hataitupa kamba ya makumbi kama takataka.

Je, kwa nini usumba hauozi upesi? Kwa sababu umejaa kitu kile kinachoufanya mti kuwa mgumu, kiitwacho lignini, ambacho wadudu na ukungu hawakili kwa urahisi. Tena uzi wake una uvungu ndani, kwa hiyo kamba yake huelea majini. Sifa yake ya tatu ni kunyumbuka: ukiuvuta uzi wa kumbi hurefuka karibu robo ya urefu wake, au zaidi, kabla ya kukatika. Uzi wa mkonge hauna tabia hiyo. Hurefuka kidogo tu, sehemu mbili tatu katika mia, kisha hukatika ghafula.

Kwa sifa hizo wazee wetu walishona vyombo vya bahari. Chombo kiitwacho mtepe, kilichoundwa zamani katika visiwa vya Lamu na pwani ya Wabajuni, hakikupigwa misumari mbao zake. Zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi. Mawimbi yakikipiga, mbao zilicheza kidogo na kamba zikanyumbuka, chombo kisipasuke. Wala si jambo la juzi. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kinachoeleza safari za wafanya biashara katika Bahari ya Hindi, chataja mashua za kushonwa katika pwani hii yetu. Mitepe sasa haisafiri tena, lakini nyumba za makuti za pwani hata leo hufungwa kwa kamba ile ile, na mafundi wana sababu: msumari karibu na bahari huliwa na kutu, kamba ya makumbi hulowa na kukauka miaka mingi, nayo bado imeshika.

Mkonge si mwenyeji. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 bwana mmoja Mjeremani, jina lake Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, katika Marekani. Miche hiyo ilipitishwa Hamburg kwa meli, na wakati wa kufika Tanga ilikuwa imebaki hai 62 tu. Hiyo 62 ikapandwa karibu na Pangani, ikazaa, ikajaza mashamba ya Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa za mkonge, ikawa nchi ya kwanza duniani kwa zao hilo. Baadaye wakulima wa Ulaya na Amerika waliokuwa wakifunga majani yao makavu kwa kamba ya mkonge wakageukia kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Leo Brazili ndiyo inayotangulia. Tanzania na Kenya bado zinalima, ila mavuno ya Tanzania hayafiki hata nusu ya yale ya 1964.

Mmea wenyewe una tabia ya ajabu. Hukaa miaka saba, au kumi, au zaidi kidogo, ukitoa majani 200 na zaidi, kisha hutoa mlingoti mmoja mrefu wenye maua, na baada ya hapo hufa. Katika jani zito la mkonge, singa ni sehemu nne tu hivi katika mia. Yaliyobaki ni maji na nyama ya jani. Mashambani majani hupitishwa katika mashine iitwayo korona, ambayo huyakwangua. Huko Ukambani akina mama wamezoea kukwangua kwa mkono na kusokota juu ya paja, wakafuma vyondo. Singa nzuri ni ndefu, karibu meta moja, nyeupe kama siagi, zenye kung'aa. Singa za rangi ya kahawia au zenye madoa zilicheleweshwa kukaushwa, na kamba itokayo humo haitadumu. Mnunuzi na aitazame kamba mchana, si taa imewashwa.

Sasa natuitazame kamba ilivyojengwa, maana asiyejua ujenzi wake hawezi kujua ugonjwa wake. Singa husokotwa kuwa nyuzi, nyuzi husokotwa kuwa ngwe, na ngwe tatu husokotwa pamoja kuwa kamba. Kila mara msokoto hugeuzwa: nyuzi zikisokotwa kwa kulia, ngwe husokotwa kwa kushoto, na kamba tena kwa kulia. Kwa hiyo kila msokoto wataka kufunguka, na mwenziwe wamzuia. Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa dakika tano tu, kwa singa chache. Hata mtoto mtundu wa nyuma ya darasa atanyamaza.

Katika ujenzi huo imo siri ya maji. Kamba ya mkonge ikinyeshewa, singa hunywa maji na kuvimba. Ngwe zikinenepa, zahitaji njia ndefu zaidi ya kuzungukana, na urefu hauongezeki; basi kamba nzima hujifupiza. Mtu aliyefunga kamba ya kuanikia nguo ikakaza kama uzi wa zeze, usiku ikanyesha, asubuhi huona mti umepinda au msumari umeng'oka. Vivyo hivyo hema ling'oavyo mambo zake. Na mbuzi aliyefungwa jioni kwa kitanzi kinachomkaa sawasawa shingoni, mvua ikinyesha, kitanzi kile hukaza. Wako waliomkuta amekufa wakadhani ni nyoka. Kwa hiyo wakati wa masika legeza kamba zote jioni, na fundo la shingo liwe la namna isiyokaza, lenye nafasi ya kuingiza vidole vinne.

Juu ya nguvu, watu wengi husema tu kamba hii ni nene, yatosha. Tufanye hesabu kidogo. Kamba ya mkonge yenye unene wa milimeta 12, mpya na ya aina njema, hukatika kwa mzigo wa kilo 900 hivi. Ya makumbi ya unene ule ule huchukua robo tu ya hizo, au kidogo zaidi, kwa hiyo haifai kuinulia mizigo mizito. Lakini mzigo wa kilo 900 ni wa kuivunja kamba, si wa kuitumia. Wajuzi huigawa namba hiyo kwa tano wanapoinua vitu, na kwa kumi au zaidi anapokuwapo mtu. Tena fundo huila kamba: penye fundo nguvu hupungua karibu nusu, kwa sababu singa zilizokunjwa kwa nguvu hubeba mzigo upande mmoja tu. Basi kamba ile ya milimeta 12 ikiwa na fundo yabaki na kilo 450, ukigawa kwa kumi ni 45. Mtu mzima hazidi kilo 45? Unene ukifanywa mara mbili nguvu huongezeka karibu mara nne, kwa hiyo kamba ya milimeta 24, pamoja na fundo lake, humfaa mtu mmoja. Hesabu hii ni ya kamba mpya. Kuukuu haina hesabu.

Haya hatuyasemi kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja tulikokuwa tukifundisha, fundi wa visima aliitwa kuzoa tope wakati wa kiangazi. Kisima kilikuwa na kina cha meta kumi na mbili. Mwenye kisima akatoa kamba ya mkonge, nene, ya rangi nzuri, wala haijatumika sana. Kila mtu aliisifu, na fundi mwenyewe aliivuta mara mbili kwa mkono. Watu wanne wakamteremsha. Alipokuwa amebakiza meta tatu hivi, kamba ikakatika bila kulia wala kuonya, naye akaanguka na kuvunjika mguu. Alikaa kule chini tangu saa nne hata saa nane, katika tope na maji baridi, mpaka kamba nyingine ikapatikana kijiji cha pili. Aliishi, ashukuriwe Mungu. Lakini misimu miwili hakulima wala kuchimba, na watoto wake walikula kwa hisani ya majirani.

Jioni yake tuliichukua ile kamba tukaifungua ngwe zake. Nje ilikuwa ya dhahabu. Ndani ilikuwa unga. Tulipouliza ilikuwa ikiwekwa wapi, ikajulikana kwamba kwa mwaka mzima ilikuwa katika ghala, juu ya mifuko ya chokaa na saruji. Chokaa ni adui mkubwa wa mkonge, hasa penye unyevu, kwa maana huyeyusha kile kinachozishikanisha chembe za singa. Wazee husema kamba hukatikia pabovu, nasi twaongeza kwamba pabovu pengi hapaonekani kwa nje.

Kwa hiyo yafaa kuikagua kamba kabla ya kuitegemea, wala si kwa kuivuta tu kama fundi yule. Ishike kwa mikono miwili, uisokote kinyume cha msokoto wake hata ngwe zijitenge, utazame katikati. Ndani pakiwa na rangi ya kung'aa kama siku ya kununuliwa, ni njema. Pakiwa na vumbi jeupe kama unga, singa zimesagana au zimeliwa. Mara nyingi ni mchanga ulioingia na kuzikata kidogo kidogo kila kamba ivutwapo. Pakiwa na weusi, au harufu ya uvundo, imeoza. Chomoa singa mbili tatu uzikate kwa vidole: zikikatika kama majani makavu, kamba hiyo ni ya kufungia kuni. Fanya hivyo kila hatua moja katika urefu wake, si mahali pamoja. Twajua kuwa ni kazi ya kuchosha, na mkaguzi huonekana kama mwoga mbele ya vijana. Na aonekane hivyo.

Utunzaji wenyewe hauna gharama. Kamba iliyolowa ianikwe mahali penye upepo mpaka ikauke hata ndani, ndipo ikunjwe; jua kali la mchana kutwa, siku baada ya siku, huikausha mno ikawa tete, basi kivuli chenye upepo ni bora. Iliyotumika baharini au katika matope ioshwe kwanza kwa maji safi. Ikunjwe kwa kuizungusha kama mishale ya saa iendavyo, ikiwa ni kamba ya kawaida iliyosokotwa kwa kulia. Ukiizungusha kinyume, itajipinda na kufanya vitanzi vidogo vidogo, na kitanzi kama hicho kikivutwa kwa nguvu kabla ya kunyoshwa, singa huvunjika hapo na kamba hairudi kuwa nzima. Kisha itundikwe kwenye kigingi cha mti, si msumari wenye kutu, juu ya ardhi, mbali na moshi wa jiko na njia ya panya. Isikae karibu na chokaa, saruji, wala mbolea ya dukani. Na katika siku hizi za taa za jua, nyumba nyingi zina betri sakafuni: tone moja la maji yake makali latosha kuikata kamba kimya kimya.

Ncha zake zifungwe kwa uzi mwembamba, mizunguko kumi hivi iliyokazwa, ama sivyo ngwe zitafunguka na kila mwezi utapoteza shubiri moja. Kamba ya kisimani igeuzwe kila baada ya miezi michache, ncha ya ndoo ije mkononi na ya mkononi iende kwenye ndoo, ili kuchakaa kugawanyike. Penye ukingo wa kisima, weka kapi au gogo laini la kuzunguka. Jiwe la ukingo ni msumeno. Wenye kutaka kuunga kamba mbili kwa kudumu wasizifunge fundo, bali wafungue ngwe za ncha zote mbili na kuzisuka zipitane, kila ngwe ikiingia chini ya mwenziwe mara tatu au nne. Kiungo cha namna hii kikisukwa vizuri huihifadhi sehemu kubwa ya nguvu ya kamba. Mabaharia wengi wa majahazi wajua kazi hii, na ukimkuta mmoja amekaa pwani akingoja maji kujaa, hatakunyima somo.

Hapa twakumbuka habari ya nabii Yeremia alipotolewa shimoni. Ebedmeleki, yule Mkushi, hakumtupia kamba tupu. Alimshushia kwanza matambara na nguo kuukuu, akamwambia ayaweke makwapani chini ya kamba. Kila mara tusomapo habari hiyo tunaona kwamba huyu alikuwa mtu aliyejua kamba. Mkonge ni mkali kwa ngozi: huchubua shingo ya ndama na bega la mchukuzi, na kidonda hicho huingia inzi. Kwa shingo ya mnyama zungushia tambara, au tumia kamba ya magome ya mbuyu, ambayo ni laini. Na mbuyu una wema wa pekee, kwamba ukibanduliwa gome kwa kiasi hauonekani kukasirika. Huota gome jingine.

Wengi watatuuliza, mbona mwatusumbua na mambo ya zamani, hali dukani zimejaa kamba za naylon na plastiki, nyepesi, zenye rangi, zisizooza? Hatuzikatai. Kwa nanga na nyavu zimeleta nafuu kubwa, na uzito kwa uzito kamba ya naylon ina nguvu kuliko mkonge. Ila nazo zina maradhi yake. Ile ya plastiki ya bei ndogo hufa kwa jua: ukiona imekuwa na manyoya na kuacha vumbi la rangi mkononi, iache. Ikisuguana sana huyeyuka, na ikimpitia mtu kiganjani kwa kasi humchoma. Fundo lake huteleza na kufunguka lenyewe, ambapo mkonge hushika. Na kipande kilichotupwa hakiishi: ng'ombe hukila pamoja na majani, kikamjaa tumboni mpaka afe, na mwenyewe asijue sababu. Kipande cha mkonge kilichosahauliwa shambani, baada ya masika machache, ni udongo.

Kamba isiyofaa tena kubeba mzigo isirudishwe kigingini pamoja na nzima, kwa maana siku ya haraka mtu atachukua iliyo karibu. Ikatwe siku ile ile iliyokaguliwa, vipande vifupi visivyofika urefu wa mkono, asiweze mtu yeyote kuifungia ndoo. Vipande vya mkonge hufumuliwa vikawa burashi ya kupakia chokaa, au vikashonwa kuwa mkeka wa kufutia miguu mlangoni. Vya makumbi akina mama huvitaka wenyewe, kwa kusugulia masizi ya sufuria.